Mjadala: Rangi za michoro ya mapangoni zikwanguliwe au ziachwe?

Mwana wa Ngara: Wadau, tujadili hili kabla halijaamuliwa bila sisi. Watafiti wa michoro ya kale ya miambani mara nyingi huomba kukwangua punje ya rangi, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, ikapimwe maabara. Msimamo wangu: asikwangue mtu mpaka vifaa vya kupimia palepale vishindwe. Kuna mashine ya eksirei ya kushika mkononi. Unaielekeza ukutani, na baada ya muda mfupi inakuonyesha chuma, ambacho ndicho wekundu wa ngeu, ule udongo mwekundu wa kupakia, au manganizi, madini yaliyo kwenye baadhi ya rangi nyeusi. Rangi iliyokwanguliwa hairudi. Na sampuli ikishapanda ndege, sisi tuliobaki Nairobi tunasubiri majarida ya kulipia.

Mkemia wa Kasarani: Ndugu, hiyo mashine unaisifu kupita kiasi. Eksirei haiishii kwenye rangi, inapenya hadi kwenye jiwe. Mwamba wenyewe ukiwa na chuma, utajuaje kipi ni cha mchoraji? Unapima sehemu tupu pembeni, unalinganisha, na bado unakisia. Kaboni haiisomi, kwa hiyo makaa kwake ni kama hayapo. Mafuta, damu au utomvu uliotumika kuishikisha rangi ndiyo kabisa. Kifaa kingine, cha leza, huyaona makaa, lakini ukuta wenye uchafu na kuvu hung'aa wenyewe mpaka ishara inapotea.

Halafu kuna umri, ambao maabara huusoma kwenye kaboni. Ngeu haina kaboni ya kupima, makaa yanayo. Chauvet kule Ufaransa, pango lililogunduliwa 1994, lilijulikana kuwa na michoro ya zaidi ya miaka 30,000 kwa sababu vipande vidogo vya makaa vilichukuliwa ukutani. Lascaux, pango jingine la hukohuko, weusi mwingi ni manganizi, na hapo hata ukwangue vipi hupati mwaka.

Shemeji Umoja: Nyinyi mnabishania punje, na watu wanaandika majina yao kwa makaa juu ya michoro yenyewe! Anzeni na mlinzi.

Msuba wa Donholm: Kwetu kisiwani Mfangano, Ziwa Victoria, kwenye mapango ya Kwitone na Mawanga, kuna miduara myekundu na myeupe, mmoja ndani ya mwingine. Wazee husema ni kazi ya Watwa waliotutangulia, na Kwitone palikuwa mahali pa kuombea mvua. Nimesoma hapa eksirei, leza, maabara, na hakuna hata mmoja aliyetaja kumuuliza mzee. Kibali cha Nairobi mnacho, sawa, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 ipo. Lakini siku zote ambazo mtafiti hayupo, pango linalindwa na nani? Na hiyo nyeupe mnayotaka kuigusa ndiyo hubanduka upesi kuliko nyekundu.

Mwana wa Ngara: Msuba, hilo la kumuuliza mzee liwe sharti la kwanza, hata kabla ya mashine. Mkemia, mfano wako wa Lascaux unanibeba mimi: kama weusi ni manganizi, mtu akikwangua kutafuta umri ameharibu bure, na mashine ingemwambia mapema. Waliopima michoro ya kusini mwa Afrika, wakatangaza 2017 kwamba ya Botswana ina zaidi ya miaka 5,000, walichunguza kwanza rangi zipi zina kaboni. Isitoshe, kwa nini tusianzie chini, kwa kuchimba sakafu ya pango? Pango la Apollo 11, Namibia, lilitoa vibao vya mawe vyenye michoro ya wanyama, na umri, takriban miaka 30,000, ulitokana na makaa ya tabaka lilelile. Hakuna ukuta uliokwaruzwa.

Mkemia wa Kasarani: Vile ni vibao vya kubebeka, bwana, si ukuta, sakafu ya Mfangano huenda isikupe hata kimoja. Na waliopima Botswana, hata huo uchunguzi wa kwanza waliufanyia kwenye punje walizokwangua. Halafu kuchimba ni kuharibu kuliko kukwangua: tabaka likishafukuliwa limekwisha. Unauonea huruma ukuta, sakafu je?

Hoja ya ndege siipingi. Punje ikitoka, nusu ibaki Museum Hill, kwenye makumbusho yetu ya Nairobi, na picha ya mahali ilipotoka, kabla na baada, apewe mzee wa ukoo. Ombi likiwa na hayo mawili, wewe Ngara bado utalikataa?