Zabuni ya reli ya Dar es Salaam hadi Morogoro, 1904: wanafunzi wangu waanzie wapi kuikagua?

Mwalimu_Kilosa:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia kidato cha tatu. Wiki ijayo nataka darasa likae kama kamati ya tathmini: mwaka ni 1904, Wajerumani wanataka reli ya Dar es Salaam hadi Morogoro, na mezani kuna ombi la kampuni binafsi. Shida ni kwamba kila kundi linakimbilia bei, mwenye bei ya chini ndiye apewe. Mliowahi kukaa kwenye kamati hizi, waangalie nini kwanza?

Mkadiriaji_Mstaafu:
Mwalimu, bei ifunguliwe mwisho. Nimekadiria majenzi miaka 31, mingi kwenye reli, na swali langu la kwanza lilikuwa moja: mambo yakiharibika, nani analipa?

Chukua hiyo hiyo yako. Ostafrikanische Eisenbahngesellschaft, nyuma yake ikiwa Deutsche Bank, iliundwa 1904 kwa mtaji wa maki (fedha ya Wajerumani) milioni 21, na serikali ya Ujerumani ikaudhamini kwa riba ya asilimia 3. Hapo wanafunzi wasome mara mbili. Treni ipite tupu au ipite na mizigo, mwenye hisa anapata chake. Philipp Holzmann, kampuni ya ujenzi, alianza kujenga 1905, na 1907 reli ikafika Morogoro, kilomita kama 200. Kazi aliifanya, simnyimi haki yake. Ila hasara ya kukosa mizigo ilishabebeshwa mlipa kodi kabla jembe halijagusa ardhi.

Halafu waulize mfuko wa mzabuni una kina gani. Tanga kampuni binafsi ilianza kujenga reli 1893, 1896 ikafika Muheza, fedha zikaisha. Reli ikalala pale mpaka serikali ilipoinunua 1899, na Korogwe ikafikiwa 1902.

Kisha maji, na hili linaniuma. Watu wa Kilosa mnakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalivyosomba tuta kuelekea Gulwe. Nikiwa kijana nilitumwa kukagua kalvati, yaani njia ya maji chini ya reli, la mkandarasi mmoja aliyeshinda kwa bei ya chini kabisa. Juu yake reli ilikuwa inaning'inia, mataruma ya chuma yamebaki hewani kama ngazi iliyolazwa. Nikanyoosha futi kamba hadi kwenye mgunga wa jirani: mstari wa tope ulikuwa viganja vitatu juu ya dari la kalvati. Nikaomba kumbukumbu zake za upimaji. Eneo alilitembelea mara moja tu, mwezi wa nane. Mto ulikuwa mchanga mtupu, akaupangia bei ya mchanga.

Kijana_wa_Voi:
Shikamoo mzee. Huku kwetu Waingereza hawakumpa mkandarasi reli ya Mombasa hadi Kisumu, waliijenga wenyewe kupitia kamati ya London. Bunge lao liliidhinisha pauni milioni 3 mwaka 1896, gharama ikapita milioni 5. Wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India, wakafa karibu 2,500. Kumkwepa mkandarasi kuliokoa nini?

Mkadiriaji_Mstaafu:
Marahaba. Fedha hakukuokoa, umesema kweli. Na umenikumbusha vibarua. Mwalimu, mzabuni aeleze watu atawatoa wapi, watakula nini, watakunywa maji gani, mganga yuko kambi ipi. Holzmann alianza kazi mapema 1905, na Julai mwaka huo huo vita vya Maji Maji vikawaka kusini. Mzabuni akiandika tu "vibarua wapo tele", kamati imrudishie karatasi. Waangalie pia kazi atakazowagawia wakandarasi wadogo. Kwenye reli za Wajerumani Wagiriki wengi walichukua vipande hivyo, na kibarua akidhulumiwa ujira na mkandarasi mdogo, lazima ijulikane mapema atamdai nani.

Mwalimu_Kilosa:
Asante sana mzee. Nimebadili zoezi: kila kundi linapata bahasha mbili, ya bei naibandika gundi. Alhamisi nawapeleka kwenye kalvati lililo karibu na shule wakapime. Tuanzie kwenye sakafu au chini mtoni?

Mkadiriaji_Mstaafu:
Kwenye sakafu, upande maji yanakoingilia, maana huko ndiko takataka hukwama. Msipande kwenye tuta bila ruhusa ya watu wa reli. Na mkimkuta bibi analima jirani, mwamkieni, kisha mwombeni awaonyeshe kwa mkono maji yalifika wapi ile masika mbaya. Pimeni mpaka kwenye mkono wake.