Naomba ushauri: nibaki na bloku ndogo au nifunge bloku kubwa?
Ndugu wenye uzoefu wa injini za V8, ninaishi Texas na nina Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970 yenye bloku ndogo (injini ya V8 ya Chevrolet yenye umbo dogo na jepesi) ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, ambayo sasa inakula oili na kutoa moshi wa buluu, hivyo haina budi kufanyiwa ovaholi. Fundi wangu ananishawishi niiweke kando injini hii na kufunga bloku kubwa (V8 ya Chevrolet yenye umbo kubwa na nzito zaidi) ya inchi za ujazo 454, kwa kuwa mwaka huohuo zipo Chevelle zilizotoka nayo kiwandani. Nguvu yake sina ubishi nayo. Hata hivyo, inaongeza uzito mkubwa juu ya magurudumu ya mbele, inadai springi ngumu zaidi, rejeta kubwa na ekzosi tofauti, na hapo sijataja petroli. Mimi naelekea kuzikereza silinda za hii 350 na kuitia krenki yenye mwendo mrefu zaidi wa pistoni ili ifike inchi za ujazo 383, maana vipuri vyake ni vya bei nafuu. Je, kwa mwendo wa barabarani, si wa mashindano, tofauti itaonekana? Na gia boksi yangu ya otomatiki ya Turbo 350 (350 hapa ni jina tu, si ukubwa wa injini) itaistahimili 454, au nitalazimika kutafuta Turbo 400 iliyo imara zaidi?