Naomba ushauri: mtetea kapooza mguu ghafla, ni mahepe (Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku) au upungufu wa vitamini?

Habari zenu wafugaji. Nina mtetea wa kienyeji, wiki 14. Jana jioni alikula vizuri, leo asubuhi nimemkuta kalala ubavu, mguu mmoja kaunyoosha mbele, mwingine nyuma, bawa moja linaning'inia. Vidole vya mguu wa nyuma vimekunjika, nikivibana hauvuti. Macho yako sawa, na nikimsogezea chakula anadonoa. Shingo haijapinda wala kulegea, hakohoi, kinyesi ni cha kawaida. Wenzake wazima.

Chanjo ya kideri (Newcastle) wanapata kwa tone la jicho kila miezi mitatu. Ya mahepe hawakupata, kwani hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja na hawa walianguliwa na mama yao hapa nyumbani.

Nimempapasa kuanzia nyonga hadi nyayo: hakuna mvunjiko, joto wala kidonda. Nimemtenga kwenye boksi la maranda makavu, namgeuza ili kifua kisichubuke. Maji ya vitamini B nayaweka kivulini, maana mwanga huharibu B2.

Mkao huu wa miguu unanitia hofu ya mahepe, ila roho inakataa kumchinja kabla sijajua. Naomba mnisaidie:

Upungufu wa B2 unaweza kumpata kuku wa umri huu, tena mguu mmoja kuliko mwingine?

Na kama ni mahepe, ambayo virusi vyake hukaa miezi mingi kwenye vumbi la manyoya, vifaranga wapya waliochanjwa niwaingize banda hili baada ya muda gani?