Sizoni za mapenzi za Kikorea: umetazama ipi karibuni, na ilikufanya nini? Tupeane uzoefu

Fundi Cherehani:
Habari zenu wapenzi wa sizoni. Mimi ni fundi wa nguo, nipo Morogoro, umri umeshakwenda kidogo. Miaka yote nilikuwa namsema binti yangu: anakesha na simu, asubuhi macho yamevimba, chai hajainjika, ukimuuliza anasema kuna mtu kafa. Nani kafa? Mtu wa kwenye sizoni. Likizo iliyopita akaja na flashi kwenye banda langu la kushonea, akaichomeka kwenye TV, akasema mama tazama sehemu moja tu. Nilikuwa na sare za harusi za watu kumi na wanne. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyenikuta nalia, vitambaa hata havijakatwa.

Mpaka sasa nimemaliza tatu na nina maoni. Ambaye hajazitazama aruke, maana nitataja mambo.

Nilianza na Queen of Tears, ya 2024. Baek Hyun-woo ni mwanasheria, mtoto wa wakulima wa kijijini, kamuoa Hong Hae-in, mjukuu wa tajiri mwenye maduka makubwa. Ndoa imepoa kama uji wa jana. Jamaa kaandaa karatasi za talaka, anakwenda kumpa mke, mke anamuwahi: naumwa, nimeambiwa nimebakiza miezi mitatu. Na yule mwanamume, Mungu anisamehe, anashusha pumzi! Anaona heri awe mgane kuliko apambane na wakwe mahakamani. Hapo ndipo waliponinasa, kwa sababu ni jambo ambalo mtu analiwaza na halisemi hata kwa shoga yake. Sehemu za mwanzo tamu mno. Kuanzia katikati wakaleta kuporwa kampuni, kutekana, mpaka bunduki, na mimi nikaendelea kushona huku nasikiliza tu.

Lovely Runner nayo ya mwaka huohuo. Msichana Im Sol anatembelea kiti cha magurudumu, anampenda mwanamuziki Sun-jae, mwanamuziki anafariki, saa ya mkononi inamrudisha msichana mwaka 2008 akiwa bado mwanafunzi. Kumbe Sun-jae alikuwa jirani yake, na kumbe yeye ndiye aliyeanza kupenda. Binti yangu kaniambia "mama, huyo ndiye mkweo". Sawa, mkwe nimemuona, kijana mrefu, ana adabu. Ila kule kurudi nyuma na kwenda mbele kulinichosha. Nikiinama kutunga uzi kwenye sindano, nikiinuka nakuta mwaka mwingine.

Sasa hii ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. When Life Gives You Tangerines, ilitoka Machi 2025, sehemu kumi na sita, walikuwa wanaachia nne nne kila wiki. Ni kisiwa cha Jeju, kuanzia zama za umaskini mpaka watu wanazeeka. Ae-sun anapenda mashairi na ana mdomo. Gwan-sik hana mdomo kabisa. Tangu utotoni anamletea samaki kutoka genge la kwao. Wakiwa vijana, Ae-sun anakaa sokoni na kabichi zake anasoma kitabu, anayeuza ni Gwan-sik. Halafu kuna ile ya mezani ukweni: wanaume wana meza yao, mke na mtoto wa kike wamewekwa kwenye kimeza kidogo nyuma. Gwan-sik hasemi neno. Anageuka na bakuli lake, anawapa mgongo wakubwa, anakula na mkewe.

Nilisimamisha hapo hapo. Marehemu mume wangu, miaka kumi na tisa, hakuwahi kutamka kwamba ananipenda. Nilikuwa namlalamikia hata kwa dada zake. Ila hii cherehani ninayoshonea aliileta kwa baiskeli kutoka Mikese, kaifunga nyuma kwa mipira, mvua inanyesha, kaivulia koti lake akaifunika. Alipofika alikuwa anatetemeka, mimi nikamuuliza mbona umechelewa.

Haya, na ninyi semeni. Ipi, na iliwagusa wapi?

Ng'ombe wa Bariadi:
Pole sana mama. Mimi naomba nizungumzie ng'ombe, maana naona mmepita juu juu. Kwenye Queen of Tears, Hyun-woo alipomtongoza Hae-in alidhani ni mfanyakazi wa muda, hana kitu, kazi inamshinda. Akamwambia asiogope, yeye atamtunza, kwao kijijini wana ng'ombe. Jamani! Mwanamke ana maduka ya ghorofa na jamaa anajitutumua na zizi. Sisi huku tulisimama tukapiga makofi. Mzee wangu hajui hata Korea iko upande gani, akasema "huyo kijana kalelewa". Nyingine iliyomfurahisha ni ya wanaume waliooa kwenye ile familia kuvaa aproni na kukaangiza chakula cha tambiko la mababu wa wakwe zao. Akauliza, hao walilipiwa mahari au walilipa wao?

Kondakta Mstaafu:
Nitakiri leo kwa sababu hakuna anayenijua. Nimekaa mlangoni kwenye basi miaka kumi na moja, nimegombana na watu stendi zote. Sisi tumekua na Jumong ya kutafsiriwa kwa Kiswahili, panga na mishale, staringi hafi. Sizoni za mapenzi tulikuwa tunasema za kina dada. Siku basi limeharibika, tumelala njiani, dereva msaidizi ana Crash Landing on You kwenye simu. Nikasema nitazame nisinzie.

Mwanamke tajiri wa Korea Kusini, Yoon Se-ri, anaruka na mwavuli wa angani, kimbunga kinampeleka mpaka Korea Kaskazini, anaangukia mikononi mwa kapteni wa jeshi. Nikacheka, nikasema uongo huu hata mpiga debe hawezi. Ila fikiria mpaka ule. Sisi ukitaka kwenda Malawi unapanda basi. Wale ni watu wamoja, lugha moja, chakula kimoja, tangu vita visimame 1953 mtu hawezi hata kumpigia simu nduguye. Ndiyo maana kila wakikaa kula unajua kinachowangoja.

Nililia wapi? Sokoni, usiku. Yoon Se-ri kapotea kwenye umati, umeme hakuna. Kapteni Ri anainua mshumaa juu ya vichwa vya watu ili amuone. Siku za nyuma Se-ri aliwahi kumwomba mshumaa wa kunukia, kapteni akaleta wa kawaida, hajui tofauti. Safari hii kaleta wa kunukia. Dereva akaniuliza, "Kaka, vipi?" Nikasema vumbi. Tulikuwa ndani ya basi, vioo vimefungwa.

Na wale waigizaji wawili, Hyun Bin na Son Ye-jin, wakaja kuoana kweli 2022. Nilimtangazia mke wangu kama nimepata mjukuu.

Sina Imani Nao:
Nitakuwa mchawi wa hapa. Mnasifia sana. Mimi nimetazama zaidi ya thelathini na nina malalamiko.

Moja, kukamatana mikono. Msichana anaondoka, mwanamume anamdaka mkono anamvuta kama mwizi wa kuku, muziki unapigwa, eti mapenzi. Zile za zamani ndiyo usiseme. Boys Over Flowers ya 2009, tuliyoililia sote shuleni, nimeirudia mwaka huu: yule Gu Jun-pyo anaanza kwa kuituma shule nzima imuonee msichana wa watu! Nikajiuliza nilikuwa naona nini. Nywele, nadhani.

Jingine, tajiri. Kila kijana mzuri baba yake ana kampuni. Kila mama mkwe ana bahasha ya pesa, "achana na mwanangu", na glasi ya maji tayari kwa kumwagia mtu. Mimi nimeishi na mpenzi wangu miaka minne ndipo akaoa mwingine aliyechaguliwa na kwao. Hakuna aliyeniletea bahasha. Ujumbe wa simu tu, na haukuwa hata mrefu. Kwa hiyo nikiona mtu anarudishiwa upendo wake sehemu ya 16 theluji inadondoka, nazima.

Halafu kesho nawasha nyingine, sijui nina tatizo gani.

Mwana wa Jambiani:
Fundi, hiyo ya Jeju umenigusa na mimi. Mama yake Ae-sun ni mzamiaji, anaingia baharini bila mtungi, anashikilia pumzi, anachokoa konokono wa bahari kwenye miamba. Wanawake wale kwa Kikorea wanaitwa haenyeo, na wapo kweli. Kwenye hadithi anafariki na miaka 29 tu.

Mama yangu ni mkulima wa mwani. Maji yakitoka anaingia, kiuno kimeinama, kamba na mambo, mpaka maji yanarudi. Mikono yake imepasuka kwa chumvi, hata akikushika shavu unahisi kama jiwe la kusugulia. Nilikuwa nikiionea haya ile mikono, siku ya wazazi shuleni nilimwambia asije. Ile sizoni nimeitazama naye, mimi namsomea maandishi ya chini kwa Kiswahili kadiri ninavyoelewa Kiingereza. Yule mama mzamiaji alipofoka kwamba mwanawe asiingie baharini, asirithi kazi ile, mama yangu akasema kwa sauti ndogo, "Ndivyo." Basi. Sikumaliza kusoma maandishi ya sehemu ile.

Kuhusu mapenzi ya vijana sina maoni sana. Ila Gwan-sik anavyoruka kutoka melini na kuogelea kurudi kwa Ae-sun, wazee wa hapa walibisha. Walisema kwa mkondo ule asingefika.

Niko Muscat:
Mimi nafanya kazi za nyumbani hapa Oman, mwaka wa tatu. Usiku namalizia vyombo, binti wa nyumba hii, ana miaka kumi na sita, ananiita nikae naye chini tutazame. Maandishi ya chini ni Kiarabu, yeye ananieleza kwa Kiarabu changu cha jikoni. Tumemaliza Business Proposal, ile ya msichana anayekwenda kukutana na mchumba kwa niaba ya rafiki yake, akiwa na lengo la kumkimbiza mwanamume, kumbe mwanamume ni bosi wake kazini. Sehemu kumi na mbili tu, nyepesi, inachekesha, hakuna anayekufa. Ukiwa mbali na kwenu hutaki ya kufa mtu.

Ile ya machungwa ya Jeju mnayoisema tuliianza. Wale wenye nyumba wazee wanaomjazia Ae-sun mchele kwenye mtungi kwa siri kila usiku, ili asione haya. Nikamwambia binti basi, tuzime, kesho naamka mapema. Ukweli ni kwamba nilimkumbuka jirani wa mama yangu pale Korogwe aliyekuwa akituletea unga, kisha anasema ameokota njiani. Nani anaokota unga njiani?

Pwani Moja:
Mimi niko Mombasa na nimekuja kudai haki. Twenty-Five Twenty-One ya 2022. Msichana Na Hee-do anacheza mchezo wa vitara, Baek Yi-jin familia yao ilifilisika kwenye ule mtikisiko wa uchumi uliowakumba Wakorea mwishoni mwa 1997, deni la baba linamwandama mtoto, anagawa magazeti. Sizoni nzima wanajengana. Huyu anaanguka, huyu anamwinua. Halafu mwishoni WANAACHANA. Hakuna adui, hakuna mama mkwe, hakuna ugonjwa. Kazi tu! Yi-jin kawa mwanahabari, anapelekwa New York baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, anazama kwenye kazi, simu zinapungua.

Nilikasirika wiki mbili. Kisha nikakumbuka wangu alipopata kazi ya meli. Sisi nasi hatukugombana. Simu zilipungua tu. Kwa hiyo sitaki kusikia mtu akiniambia mwisho ule si wa kweli. Ni wa kweli, na ndiyo maana siutaki.

Sina Imani Nao:
Pwani Moja, njoo tukae pamoja.

Kondakta Mstaafu:
Swali kwa wajuzi. Kwa nini wanabusu mara ya kwanza sehemu ya nane? Mimi nina umri, siwezi kusubiri hivyo.

Ng'ombe wa Bariadi:
Ndiyo mahari yenyewe hiyo kaka, unalipa kwa awamu.

Fundi Cherehani:
Nimecheka mpaka nimejichoma. Niko Muscat, mdogo wangu, rudi umalizie ile taratibu, siku huna kazi asubuhi. Sina Imani Nao, nakuelewa kuhusu kukamatana mikono, binti yangu nimemwambia mtu akikudaka hivyo usisubiri muziki, piga kelele.

Wanaouliza habari za sare: nilizimaliza saa nane usiku wa kuamkia harusi. Bibi harusi alipokuja kuzichukua TV ilikuwa inaendelea, akaniambia anakaa dakika mbili. Mumewe mtarajiwa alipiga simu mara nne. Mara ya tano akaja mwenyewe na bodaboda, akasimama mlangoni ana hasira, akauliza nani huyo anayelia. Nikamsogezea stuli.