Kubana toni za picha za HDR: Photomatix, Lightroom, Luminance HDR au Enfuse?

Dirisha_Wazi: Wanajamvi, nina picha tatu za chumba chenye dirisha kubwa, zilizopishana stopu 2 za mwanga (kila stopu ni mwanga maradufu). Nataka kuziunganisha kuwa picha moja ya HDR, yaani yenye masafa mapana ya mwanga, kisha kubana toni, yaani kupunguza tofauti hiyo ya mwanga itoshee skrini ya kawaida, ili mandhari ya nje yaonekane bila kuta kupata ule weusi kama wa masizi. Mngeanzia programu ipi?

Lenzi_Kavu: Masizi hayo, pamoja na ukingo mweupe unaozunguka fremu ya dirisha, hayatokani na programu bali na mbinu. Mbinu ya eneo kwa eneo hulinganisha kila pikseli na jirani zake, kwa hiyo ukuta uliopakana na mwanga mkali hutiwa giza kuliko ukuta uleule ulio mbali na dirisha. Mbinu ya picha nzima hutumia mkunjo mmoja wa mwangaza kwa pikseli zote. Haileti ukingo, ila picha hupooza. Photomatix inazo zote mbili: Details Enhancer ni ya kwanza, Tone Compressor ni ya pili.

Bi_Kivuli: Mimi ningeanza na Lightroom. Tangu toleo la 6, la mwaka 2015, huunganisha picha kuwa faili moja la DNG (aina ya faili ghafi la picha), na kitelezi cha mwangaza hupanuka kutoka stopu 5 hadi 10 kila upande, hivyo unaendelea kuhariri kama RAW ya kawaida, yaani faili ghafi la kamera. Huchagui mbinu ya kubana, na kwa kazi ya chumba sioni kama hilo ni hasara.

Mzee_Histogramu: Ni hasara kwa anayependa kulinganisha. Luminance HDR ni ya bure na inakupa mbinu za Reinhard, Drago, Mantiuk, Fattal na nyinginezo juu ya faili lilelile. Fattal huchimbua maelezo kupita kiasi, na matokeo yake hubadilika kulingana na ukubwa wa picha, basi usiliamini onyesho dogo. Kwa kuta laini, chagua Reinhard.

Enfuse_Daima: Mnamsumbua bure. Enfuse haitengenezi faili la HDR wala haibani toni. Kwa njia iliyoelezwa na watafiti Mertens, Kautz na Van Reeth mwaka 2007, huipa kila pikseli uzito kwa kuzingatia mwanga, ukolevu wa rangi na utofautishaji, kisha huchanganya. Matokeo huwa ya asili.

Dirisha_Wazi: Asanteni. Nilisahau kutaja kwamba pazia lilikuwa likipepea.

Lenzi_Kavu: Basi Enfuse imejitoa yenyewe, kwa kuwa haina njia ya kuondoa taswira mbilimbili za kitu kilichosogea kati ya picha, na pazia litatokea kama mizimu mitatu. Tumia Lightroom, uweke kiwango cha chini cha kuondoa taswira hizo. Sehemu iliyosogea huchukuliwa kutoka picha moja tu, na ukipandisha kiwango eneo hilo hupanuka, likaja na chengachenga (punje za kelele) za picha hiyo vivulini.