Kurudisha joto la maji ya kuogea, kwa Malindi inalipa kweli?

MamaVyumbaSita
Asalaam aleikum nyote. Nina gesti ndogo huku Malindi, vyumba 6, vinne chini viwili orofani, kila chumba kina shawa na tangi moja la umeme la lita 150 linalisha vyote. Kusi ikiingia wageni wanalia maji baridi, basi nawasha hita usiku kucha na tokeni zinayeyuka kama sukari kwa chai. Sasa shemeji yangu aliyeko Kanada kanitumia video, wenyewe kule wanazungusha mrija wa shaba kwenye paipu ya maji machafu ya bafuni, maji baridi yanapita kwa huo mrija kwanza ndio yaingie kwa hita, yaani yanayomwagika yanapasha yanayoingia. Wazo nimelipenda, maana nimeyagusa kwa mkono maji yanayotoka kule nyuma mgeni akioga na kweli bado yana joto. Fundi wangu alipoona video akacheka tu akaenda zake. Nifunge ama nimwache shemeji na Kanada yake?

FundiSabaki
Mama, huyo fundi hakukosea kucheka, kosa lake ni kuondoka bila kukueleza. Kile kitu kinataka paipu iliyosimama wima, maji yakishuka yanatambaa ukutani pande zote kama utando mwembamba na hapo ndipo joto linapohamia kwa shaba. Paipu ikilala maji yanapita chini tu, huku juu kukavu, hupati kitu cha maana. Kwa hiyo vile vyumba vinne vya chini vitoe kwenye hesabu, labda uchimbe shimo. Vya juu sawa, lakini paipu zako ni plastiki kama za kila mtu na plastiki haipitishi joto vizuri, itabidi ukate kipande uweke cha shaba, mita moja unusu hivi au mbili. Bei ya shaba uliza dukani ukiwa umekaa. Na ukishaifunga nje ya nyumba wenye kununua vyuma chakavu watakuja kuisalimia usiku, mimi nimeshaibiwa paipu ya AC ikiwa bado ina gesi ndani!!

HesabuTu
Wacha niweke namba. Lita moja kuipandisha digrii moja ni kama wati-saa 1.16. Mgeni akioga dakika 8, tuseme shawa inatoa lita 8 kwa dakika, hizo ni lita 64. Maji ya Malindi yanakuja yenyewe kama digrii 27, mtu anaoga na 39, kwa hiyo unapandisha digrii 12 tu, karibu yuniti 0.9 (yuniti moja ni wati-saa 1,000). Yakifika kwa paipu yameshapoa yako kama 35. Tofauti yake na maji yanayoingia ni digrii 8, koili, yaani ule mrija wa shaba, ikikamata asilimia 40 ya hiyo umepata digrii 3 na kitu, sawa na yuniti 0.24. Yuniti tuseme shilingi 30, hapo ni shilingi 7 kwa kuoga mara moja. Sasa nenda kwa shemeji wakati wa baridi, maji yanaingia na digrii 8, tofauti ni 27 si 8, koili ileile inamrudishia mara tatu na zaidi. Shemeji hajakudanganya, ni joto la pwani yetu tu limeshakupashia maji kabla ya hita.

MtuWaShela
Huku Lamu hata hizo shilingi 7 hatuzioni, wengi tunaoga kwa ndoo na kata, unachota maji ya moto sasa unamwaga baadaye, ile koili inataka maji yaingie na yatoke wakati mmoja. Mama swali langu ni jengine, una AC ngapi? Maana AC ya 12,000 BTU ikifanya kazi inatupa nje kama kilowati 4 na zaidi za joto, usiku mzima, na wewe upande wa pili unanunua umeme kupasha maji, yakhe hii ni kuchota maji kisimani ukayamwaga kisimani. Kuna mafundi wa AC wanaweka kibadilisha joto kwenye ule mrija wa moto unaotoka kwa kompresa, maji ya tangi yanazunguka hapo. Hata ukikamata sehemu ya kumi tu, kwa muda wa saa nne ni yuniti karibu mbili.

FundiSabaki
@MtuWaShela sawa, ila wakati wa kusi nani anawasha AC? Joto litakuwepo kaskazi, wakati hakuna anayeyataka maji ya moto. Mama kabla ya koili yoyote fanya hivi, siku gesti iko tupu zima kila kitu uache hita peke yake usiku, soma mita jioni na asubuhi.

MamaVyumbaSita
Nimefanya jana. Mita imekula yuniti 1.9 na hakuna aliyefungua hata bomba moja!! Kumbe tangi lenyewe linavuja joto, nimeligusa kwa nje ni la vuguvugu, na paipu ya kwenda orofani iko uchi mita kama 15.

FundiSabaki
Haya sasa, ugonjwa wako huo. Livishe tangi na paipu sponji nyeusi ile ya mafundi wa AC, na uweke taima iwake saa kumi alfajiri na saa kumi na moja jioni. Thamostati usiishushe chini ya 60 kwa tangi la watu wengi, maji ya vuguvugu yanafuga vijidudu. Na fungua uangalie elementi, kile chuma cha ndani kinachopasha maji, maji yetu ya chumvichumvi na chokaa huacha ukoko mgumu kama jiwe.

MamaVyumbaSita
Elementi imetolewa leo, imevaa koti jeupe la kidole kizima. Sponji nimeagiza. Shemeji nimemwambia koili aiache huko huko, kanuna, hajajibu meseji mpaka sasa.