Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kuchora kwa kutazama kitu chenyewe, si picha ya simu?

Mwanzisha uzi (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni.

Siku hizi mitaani kuna vijana wengi wanaochora sura za watu kwa penseli, na wanazichora vizuri kweli. Unawatumia picha kwenye simu, wanaigawa kwa viboksi, wanaihamishia karatasini boksi moja baada ya jingine, unalipa, unaweka fremu ukutani. Ni kazi halali na inalisha familia. Lakini nimekaa na baadhi yao, na ukimwekea mmoja birika mezani ukamwambia achore bila simu, anabaki ameshika penseli. Viboksi ndivyo vilikuwa vinampimia, jicho lake halijawahi kupewa kazi hiyo.

Nawaita wale waliojifunza kwa kukaa mbele ya mtu, mlima au sufuria na kuchora wanachokiona. Iwe darasani, iwe mwenyewe kibarazani. Mlianzia wapi, na ni kitu gani hasa kiliwafungua macho?

Naanza mimi. Fundi wa mabango aliyenipokea kijana alinipa kwanza vyombo vya jikoni, maana vinakaa palepale ulipoviacha. Alinifundisha kupima kwa penseli: nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, fumba jicho moja, linganisha ncha ya penseli na juu ya chombo, kisha telezesha ukucha wa kidole gumba mpaka ufike chini yake. Hapo umeshika kipimo. Kigeuze kilale, uone upana unaingia mara ngapi kwenye urefu. Kiwiko kikilegea kipimo kinabadilika, kwa hiyo alikuwa anakuja nyuma yangu kunigonga kiwiko.

Kilichonifungua macho ni sentensi yake moja: "Acha kikombe, chora tundu." Alimaanisha ule uwazi kati ya mkono wa kikombe na tumbo lake. Kikombe unakijua tangu utotoni, hivyo mkono unakimbilia kuchora unachokijua. Ule uwazi huna kumbukumbu nao, inakubidi uutazame. Ukiupata sawasawa, mkono wa kikombe unajitokeza wenyewe. Mpaka leo nikikwama na kiti, baiskeli au mtu aliyeshika kiuno, natafuta uwazi kwanza.

Karibuni.

Wa Kibarazani (Mombasa)

Shukran kwa mada, ndugu yangu. Mimi nilisoma sanaa sekondari, na mwalimu wetu alikuwa na imani moja: usichore chupa na matofaa ya kwenye vitabu, chora vilivyo nyumbani kwenu. Kwa hiyo meza yetu ilikuwa na dele la kahawa, kata, kifuu cha nazi na mbuzi ya kukunia.

Nizungumze kuhusu mdomo wa chombo, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu. Kikombe kikiwa chini ya usawa wa macho, mdomo wake hauonekani duara, unaonekana duaradufu, yaani duara lililobanwa. Kitako nacho ni duaradufu, tena iliyofunguka zaidi kuliko ya juu, kwa kuwa kiko chini zaidi ya macho yako. Wengi huchora mdomo vizuri kisha kitako wakakipigia mstari ulionyooka, kwa sababu wanajua meza iko bapa. Kisha pembeni, pale duaradufu inapogeuka, hamna kona kali. Hata ikiwa nyembamba vipi, inazunguka tu. Mwalimu alikuwa anatuambia tuinyanyue sufuria taratibu mpaka usawa wa macho tuone mdomo unavyojifunga hadi ukawa mstari.

Mbuzi ndiyo ilikuwa shule yenyewe. Ukiiweka ubavu ni rahisi. Igeuze ule ulimi wa chuma ukuelekee wewe: urefu wote unajibana kwenye nafasi ya kidole kimoja, na meno yake yanaonekana makubwa kuliko kikalio kilichoko nyuma. Akili inakataa. Ukipima kwa penseli kama alivyosema mwenye uzi, unakubali.

Na mwanga uwe mmoja. Fungua dirisha moja, funga jingine, zima taa. Finya macho mpaka vitu viwe na ukungu, uone maeneo matatu tu: jeupe, la kati, jeusi. Nazi iliyopasuliwa inafundisha hili vizuri, nyama nyeupe ndani na kifuu cheusi nje. Ukishamaliza hayo matatu, ndipo uangalie pembeni mwa kivuli karibu na meza: kuna mwanga hafifu unaorudi kutoka mezani na kupanda tumboni mwa chombo. Huo ndio unaofanya dele lionekane la mviringo.

Msomaji mpya

Naweka kambi hapa. Swali dogo: penseli zipi?

Mwanzisha uzi (Mwanza)

HB ya shule inatosha kuanzia, mkuu. Ukiongeza, chukua 2B na 6B. Herufi B ni laini na nyeusi, namba ikipanda weusi unazidi. H ni ngumu na hafifu, hiyo waachie wachora ramani za nyumba.

Mzoefu wa Feri (Dar)

Mimi ni watu tu. Soko la samaki Feri, asubuhi, wakati mnada umechangamka.

Wageni huniuliza unawachoraje watu wasiotulia. Jibu ni kwamba kazi inajirudia. Anayepara samaki anashika mkia, kisu kinakwenda kuelekea kichwani, anageuza samaki, anaanza tena. Kwa hiyo naanza michoro mitatu minne kwenye ukurasa mmoja: huu wa kuinama, huu wa kugeuza, huu wa kunyoosha mgongo. Akirudi kwenye pozi namba moja, nami narudi mchoro namba moja. Sichori uso wala vidole kwanza. Mstari mmoja kutoka kichwani kupita mgongoni mpaka kwenye mguu uliobeba uzito, basi. Huo mstari ukiwa hai, mchoro uko hai hata usipouongeza kitu.

Uzito ndiyo siri ya mtu aliyesimama. Dondosha mstari wima kutoka kishimo cha koo: akisimamia mguu mmoja, mstari unatua kwenye mguu huo. Nyonga ya upande huo inapanda, na bega la upande huohuo mara nyingi linashuka. Mama mwenye beseni kichwani anakuonyesha hili wazi, maana hana ruhusa ya kuyumba: beseni, shingo na kisigino viko kwenye mstari mmoja.

Uwiano: mtu mzima ni takriban vichwa saba na nusu, macho yako katikati ya kichwa (si juu kama tunavyodhani), na mikono ikining'inia ncha za vidole zinafika katikati ya paja. Mtoto ni tofauti kabisa, kichwa chake ni kikubwa kwa mwili. Ukimchora mtoto kwa vichwa saba unapata mtu mzima aliyefupishwa.

Mwalimu wa Moro

Naunga mkono. Mimi nachora mandhari, na nina bahati kuishi chini ya milima ya Uluguru.

Jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hayatuambii, kwa kuwa yametengenezwa Ulaya na Marekani, ni jua letu. Kule jua la mchana linalala upande, vivuli ni virefu. Huku Morogoro na Dar, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua la saa sita linapita juu ya utosi kabisa. Mlima unakuwa bapa, mti unakalia kivuli chake, huna cha kuchora. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawatoa nje saa moja asubuhi au saa kumi jioni, mwanga ukiwa umelala na kila bonde limejaza kivuli.

Nawaambia wagawe karatasi kwa tabaka. Ukuta wa mbali wa mlima hafifu, vilima vya kati vizito kidogo, migomba ya karibu myeusi kabisa. Hewa iliyo katikati ndiyo inayofifisha vya mbali, na asubuhi kukiwa na unyevu inaonekana wazi. Penseli ile ile moja, ila mkono unabonyeza tofauti. Mwanafunzi akimaliza tabaka tatu bila kuchora jani hata moja, na mlima ukasimama nyuma ya vilima, hapo ameelewa.

Mwana wa Machame

Nina neno tofauti kidogo. Tusifanye kana kwamba bila vivuli na vipimo hakuna kuchora. Mchoraji wetu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame, alisoma Makerere kwenye shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell mwaka 1937, baadaye akasoma shule ya sanaa ya Slade, London. Alikuwa anajua vizuri mambo ya huko. Lakini alichora mashamba, vibanda na watu wa Kilimanjaro kwa rangi bapa, watu wadogowadogo wengi wanafanya kazi pamoja, bila kuhangaika na vivuli. Ukitazama picha zake unajua huyu mtu alitazama kwa makini kabla ya kuchagua cha kuacha.

Mwalimu wa Moro

Umesema vema. Hapo ndipo tunakutana: alitazama kwanza.

Dada wa Liège

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Bukavu, naishi Ubelgiji. Hapa kuna vikao vya jioni vya kuchora mtu aliyesimama mbele yenu, mara nyingi akiwa uchi. Najua wengine litawakwaza, nami ilinichukua muda kuingia. Mnaanza na pozi za dakika moja, kisha mbili, tano, halafu moja ndefu. Zile za dakika moja ndizo zinafundisha: hakuna muda wa kupamba, unachukua mwendo tu.

Faida kubwa nimeiona baadaye, nikichora mama zetu wakiwa na kitenge. Nguo haina umbo lake, inaning'inia kutoka pale ilipokamatwa: begani, nyongani, kwenye fundo. Mikunjo yote inaanzia hapo na kuelekea chini. Ukijua nyonga iko wapi, unajua mkunjo utatokea wapi.

Bi Forodhani (Zanzibar)

Dada, ahsante, lakini uchi si lazima kwa anayeona dini yake haimruhusu. Mimi nimejifunza mwili kupitia mikono na miguu ya watu wa nyumbani: bibi akichambua mchele, mjomba akicheza bao. Mtu anayecheza bao hukaa saa nzima bila kukukumbuka.

Nje, vichochoro vya Mji Mkongwe vinafundisha kina. Simama katikati ya kichochoro, tafuta usawa wa macho yako. Mistari ya juu ya macho, kama baraza za ghorofani na vipande vya paa, inashuka kuuelekea usawa huo. Ya chini, kama ukingo wa baraza za kukalia, inapanda. Ila vichochoro vyetu vinapinda, kwa hiyo kila nyumba ina mahali pake mistari inapokutana, lakini mahali hapo pote pako kwenye usawa uleule mmoja wa macho.

Na adabu: piga hodi. Ukikaa barazani mwa mtu, salimu na uombe. Ukimaliza, onyesha daftari.

Msomaji mpya

Ahsanteni sana. Je, mkaa wa jikoni unafaa kuchorea?

Mzoefu wa Feri (Dar)

Ule ni mgumu na unakwangua karatasi. Tengeneza wako: chukua vijiti vyembamba vya mti laini, vikavu, vimenye magome, vipange kwenye kopo la bati lenye mfuniko, toboa tundu dogo juu, weka kwenye moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma kutoka, ondoa kopo lakini usilifungue mpaka lipoe kabisa, maana hewa ikiingia vijiti bado vina moto vitakuwa majivu.